Nani Amelifunga Koo Langu?

Nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka, macho nimeyafumba, na mwalimu amenisimamia akining'iniza kijiwe cha zambarau kwenye uzi. Alikuwa akipima chakra zangu, vile vituo vya nishati vinavyosemekana kupangika mwilini kutoka chini hadi utosini. Kijiwe sikukiona. Nilisikia tu magoti yake yakialika kila alipohama: nyongani, tumboni, kifuani. Kitovuni alikaa kidogo. Kwenye moyo alipita kama mtu mwenye haraka. Alipofika shingoni akatulia, akashusha pumzi, kisha akaniinamia.

"Dada, koo lako limefungwa. Kuna mambo hujayasema."

Machozi yakanitoka.

Kilichonikera wiki zilizofuata si kijiwe. Kijiwe nina jibu lake. Mwaka 1833 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha maelezo ya majaribio aliyoyafanya kwa uzito mdogo uliofungwa kwenye uzi. Ulicheza vizuri mkononi mwake alipokuwa akiutazama. Alipofunikwa macho, ukaacha kuvitii vitu vilivyowekwa chini yake. Vidole hutikisika kidogo kufuata kile ambacho akili inakitarajia, na mwenye vidole hana habari. Mwalimu wangu hakuwa mwongo. Alitarajia koo, uzi ukampa koo.

Machozi ndiyo niliyokosa jibu lake.

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Wala si mtu wa kukosa maneno. Walio karibu nami wana malalamiko ya upande wa pili. Inakuwaje mtu nisiyemjua aseme sentensi mbili kuhusu shingo yangu, na shingo imwitikie?

## Maelezo yanayomtosha kila mtu

Nilianza na swali rahisi: ni nani ambaye koo lake halijafungwa? Mchukue mtu mzima yeyote, muulize kama kuna neno amelimeza, iwe mbele ya mzazi, mwenzi au bosi. Asiyekuwa nalo huenda hajaelewa swali.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwafanyia wanafunzi wake 39 jaribio la kupima haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake. Akawaomba wayape alama, sifuri hadi tano, kwa kadiri yalivyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi zake nyingi Forer alizitoa kwenye kitabu cha unajimu kinachouzwa kwenye vibanda vya magazeti.

Sasa itazame chati ya chakra kama inavyosambaa mitandaoni. Chini kabisa, hofu ya usalama na riziki. Chini ya kitovu, raha na hatia. Kwenye chembe cha moyo, kujiamini. Kifuani, mapenzi na majonzi. Kooni, ukweli usiosemwa. Katikati ya nyusi, mawazo yasiyotulia. Utosini, kiu ya kitu kikubwa kuliko wewe. Sijakutana na binadamu anayeweza kupita katika orodha hiyo bila kukwaruzwa.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala fupi ya kejeli, na ingepata wasomaji wake.

Ila Forer ananieleza kwa nini niliamini. Hanielezi kwa nini niliposikia neno "koo" kitu kilipanda kutoka kifuani na kukwama palepale palipotajwa. Kuamini ni kitu kimoja, kukabwa ni kingine.

## Maiti mtoni

Swali la kama chakra zipo au hazipo lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani, na aliyelijibu kwa ukali kuliko wote hakuwa daktari wala mzungu mwenye dharau. Alikuwa mtawa wa Kihindu.

Dayananda Saraswati, ambaye baadaye mwaka 1875 alianzisha Arya Samaj, vuguvugu la mageuzi ya Uhindu, anasimulia katika maelezo ya maisha yake kisa cha miaka ya 1850. Alikuwa akitangatanga kandokando ya mto Ganges na mzigo wa vitabu vya yoga vilivyoeleza kwa kirefu mayungiyungi (ndivyo vinavyozichora chakra) na mishipa ya ndani ya mwili. Vilimtatiza. Siku moja akaona maiti ikielea. Akaingia majini, akaivuta hadi ukingoni, akaipasua kwa kisu. Akautoa moyo, akautazama kwa makini, akaulinganisha na yaliyoandikwa. Akakagua na viungo vingine. Hakuona kinachofanana hata kidogo.

Akavichana vitabu, akavitupa mtoni pamoja na maiti.

Kisa hiki nilikipenda mno, na kwa muda nilidhani kimenimalizia kazi. Mtu wa imani, aliyeijua lugha ya maandiko, aliyekuwa na kila sababu ya kutaka vitabu vishinde, amefungua kifua na kukuta kifua. Nini tena?

Lakini nikawa narudi kwenye picha ile ya kisu. Kuna kitu hakikukaa sawa. Dayananda alifanya haki kabisa ikiwa vitabu vilikuwa vinaeleza viungo. Je, vilikuwa vinaeleza viungo?

## Zilikuwa sita

Chati nyingi tunazozijua zina mzizi ambao hazitaji. Mwaka 1577, huko Bengal, bingwa wa tantra, mapokeo ya Kihindi ya ibada na tafakari, aitwaye Purnananda aliandika kwa Kisanskriti maelezo ya chakra sita. Mwaka 1919 John Woodroffe, jaji Mwingereza wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliyatoa kwa Kiingereza akitumia jina la Arthur Avalon, na kupitia kwake yakafika Ulaya na Marekani. Nilikaa nayo jioni nyingi. Nilitegemea kukuta ile chati ninayoijua, ila kwa lugha ya kizamani.

Sikuikuta.

Kwanza hesabu. Chakra ni sita, kutoka msambani hadi katikati ya nyusi. Ile tunayoiita ya saba, yungiyungi la petali elfu, iko juu ya zote na haihesabiwi pamoja nazo. Na hata hizo sita si sheria. Mfumo wa sita ulianza kuonekana katika maandiko ya ibada ya mungu wa kike Kubjika, takriban karne ya 10 au ya 11. Andiko la tantra ya Kibudha liitwalo Hevajra lina nne: kitovu, moyo, koo na kichwa. Wengine wana tano, wengine tisa, wengine kumi na mbili, na hawakupigana vita kwa ajili hiyo. Hilo peke yake lingenitosha kushtuka, maana hakuna madhehebu yanayotofautiana juu ya idadi ya figo.

Kisha rangi. Ichukue ile ya kitovuni, Manipura. Kila chati niliyowahi kuiona huipaka njano na kuiandikia "kujiamini". Kwa Purnananda ni yungiyungi lenye petali kumi za rangi ya wingu zito la mvua, kila petali na herufi yake. Ndani yake kuna pembetatu ya moto, nyekundu kama jua linalochomoza, na silabi "ram" iliyopanda kondoo dume. Yupo mungu Rudra, amejipaka majivu. Yupo na mungu wa kike mwenye ngozi nyeusi, mikono minne na nguo za njano, jina lake Lakini. (Ndiyo, Lakini. Nami nilicheka peke yangu.) Kujiamini hakutajwi. Hakuna mahali anaposema kwamba ukiwa mwoga mbele ya bosi, hapa ndipo pameziba.

Halafu petali. Nne, sita, kumi, kumi na mbili, kumi na sita, mbili. Zijumlishe: hamsini. Hamsini ndizo herufi za alfabeti ya Kisanskriti kwa hesabu ya wanatantra. Maana yake, ukipanda kutoka msambani hadi kwenye nyusi, umeipitia lugha yote, herufi kwa herufi, ndani ya kiwiliwili chako.

Hapo nikaweka kitabu chini.

Hakuna anayepasua maiti akategemea kukuta herufi. Na mtu anayekueleza rangi ya petali, herufi iliyo juu yake, mnyama, silabi na nguo za mungu, hakuelezi alichokikuta. Anakupa kazi ya kufanya. Anakuambia: kaa, tulia, hapa kitovuni weka wingu la mvua, weka moto, weka sauti hii. Watu wa tantra wana tendo wanaloliita nyasa, ambapo mtu hugusa sehemu za mwili moja baada ya nyingine huku akitamka silabi, mpaka mwili wote umepandwa matamshi. Yungiyungi lilikuwa jambo la kujengwa kwa umakini, kila siku, chini ya mwalimu, kwa miaka.

Na baada ya kujengwa, linayeyushwa. Kila moja ya chakra tano za chini ina kiasili chake: ardhi, maji, moto, hewa, anga. Anayefanya ibada huipandisha Kundalini, nguvu inayosemekana kulala chini ya uti wa mgongo, kupitia mshipa wa kati, Sushumna, na kila anapopita, ardhi inayeyukia kwenye maji, maji kwenye moto, moto kwenye hewa, hewa kwenye anga, mpaka yeye mwenyewe, kama mtu mwenye jina na madeni, anakwisha. Hakuna "kusawazisha". Hakuna "ustawi". Mtu aliyekuwa akitafuta usingizi mzuri na amani kazini angekuwa amekosea mlango.

Sasa rudi kwenye sentensi niliyoambiwa. *Koo lako limefungwa.* Katika mfumo wa zamani sentensi hiyo ina maana ndogo sana kuhusu mimi na maneno yangu niliyoyameza. Ni kweli walizungumzia vizuizi, mafundo ambayo Kundalini lazima iyatoboe. Lakini fundo hilo wanalo wote ambao hawajafika, mwalimu wangu akiwemo.

## Upinde wa mvua

Kwa hiyo nani alileta yaliyobaki? Hapa nitapita haraka kwa sababu ni historia ya watu wengi kuongeza chumvi kidogokidogo.

Mwaka 1927 Charles Leadbeater, Mwingereza wa Theosofia, jumuiya iliyotafuta elimu ya siri za dini, alichapisha picha za chakra alizosema anaziona kwa jicho la ndani, na ile ya pili akaihamishia kwenye wengu. Mwaka huohuo daktari wa Bombay, Vasant Rele, aliandika kwamba Kundalini si kingine ila vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni. Mwaka 1932 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa mihadhara Zürich akizifafanua chakra kama hatua za ukuaji wa nafsi. Miaka ya 1970, huko Marekani, zikavishwa rangi saba za upinde wa mvua kwa mpangilio, nyekundu chini na zambarau juu, na kila moja ikagawiwa hisia zake. Hiyo ndiyo "hekima ya maelfu ya miaka" iliyo ukutani katika vyumba vingi vya yoga. Ina umri wa mama yangu.

Sisemi hivyo kwa kuidharau. Mambo mapya yanaweza kuwa mazuri. Ninachokataa ni kupakwa vumbi ili yaonekane ya kale, maana ukale ndio unaotufunga mdomo tusiulize.

## Lakini koo liliitika

Nililikwepa swali la machozi kwa kukimbilia vitabuni. Tabia yangu.

Mwaka 2014 watafiti wa Ufini wakiongozwa na Lauri Nummenmaa waliwapa watu 701 michoro mitupu ya mwili wa binadamu na kuwaomba wapake rangi mahali wanapohisi mwili umechangamka au umepoa wanapokuwa na hasira, woga, huzuni, aibu, furaha, mapenzi. Walikuwemo wasemaji wa Kifini, wa Kiswidi na watu wa Taiwan. Michoro yao ilifanana mno. Hasira ilijaa kifuani, kichwani na mikononi. Furaha iliwaka mwili mzima. Sonona ilipooza miguu na mikono. Haya hayathibitishi chakra, kwa sababu kinachopimwa ni jinsi watu wanavyohisi, na maumbo yaliyotokea hayakujipanga katika vituo saba kwenye mstari. Lakini yanathibitisha jambo ambalo chati imeling'ang'ania kwa njia yake: hisia zina anwani mwilini, na watu wa mbali wanakubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya anwani hizo.

Koo nalo lina sababu zake za kawaida kabisa. Unapokaribia kulia, mwili unataka hewa nyingi, na misuli inayoufungua mlango wa sauti inashikilia uwe wazi. Ukijizuia na kumeza mate, kumeza kunataka mlango huo ufungwe. Misuli inavutana. Tunasema donge limetukaa kooni, na ndivyo linavyohisika hasa, ijapokuwa hakuna donge.

Na neva ya vagasi, ambayo Rele aliipa cheo kikubwa mno, haistahili kupuuzwa. Inatoka kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni, inatuma matawi kwenye sanduku la sauti, moyo, mapafu na tumbo, na sehemu kubwa ya nyuzi zake kazi yake ni kupeleka habari juu: kutoka viungoni kwenda ubongoni. Ukivuta pumzi, moyo unaharakisha kidogo. Ukiishusha taratibu, unapoa, na vagasi ndiyo inayoshika breki. Yeyote anayekulaza chali, akakuambia ufumbe macho na upumue polepole kwa nusu saa, ameshafungua mlango huo kabla hajatoa kijiwe mfukoni. Mimi nilipoambiwa la koo tayari nilikuwa nimelegea mwili mzima, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Utafiti ulionishika zaidi ni mwingine. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Watu wazima 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, na pia wakakariri mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) ya Kibudha, "om mani padme hum". Mtu aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Sala na mantra, zote mbili, ziliwashusha hadi karibu na mara sita, na kwa mwendo huo moyo na shinikizo la damu vikawa vinapatana vizuri zaidi. Watu wa dini mbili, karne nyingi, kila mmoja kwa sababu zake, walikuwa wamekata sentensi zenye urefu uleule wa pumzi.

Nilisoma hiyo mara mbili, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi nikasoma tena.

Kwa hiyo silabi "ham", ambayo Purnananda anaiweka kooni, si lazima iwe ufunguo wa tundu lisiloonekana. Ni mvumo. Watafiti wa Sweden walipima mwaka 2002 wakakuta kwamba kuvumisha sauti kwa midomo iliyofumba huongeza gesi ya nitriki oksaidi inayotoka puani mara kumi na tano kuliko kushusha pumzi kimya. Hilo halimaanishi kuna ugonjwa umepona. Linamaanisha kwamba unapovuma, kuna kitu cha kupimika kinatokea, na wewe mwenyewe unakisikia kikitetema chini ya ngozi ya shingo.

## Ninapokasirika

Namfahamu mama mmoja aliyepoteza sauti polepole. Mwanzoni ilikuwa kukwaruza kidogo asubuhi, baadaye kutwa. Alikuwa akihudhuria madarasa ya "uponyaji wa nishati", na pale akaambiwa kwamba koo lake linamwadhibu kwa ndoa aliyovumilia kimya. Akapewa jiwe la buluu la kuvaa na shajara ya kuandika hasira zake. Aliandika kweli. Sauti ikazidi kwisha. Alipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, alikutwa na uvimbe kwenye tezi ya shingoni uliokuwa unabana neva ya sauti. Walimtibu, na anaendelea vizuri. Alichoniambia si hasira dhidi ya mwalimu. Alisema, "Mwanangu, mimi nilidhani nimejiroga mwenyewe."

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapofika ukomo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila sababu inayojulikana, inataka daktari aitazame. Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, hiyo si chakra ya moyo, ni dharura. Damu isiyo ya kawaida, uzito unaopungua wenyewe, kichwa kinachouma tofauti na siku zote: hakuna kati ya hayo linalosubiri kusafishiwa nishati.

Na zaidi ya kuchelewesha matibabu, kuna lile la kumgeuza mgonjwa mshtakiwa. *Umeziba kwa sababu hujasamehe.* Anayesema hivyo hajui kama umesamehe au la. Hajui hata kama kuna aliyekukosea. Lakini wewe utarudi nyumbani na kujipekua.

## Mwenzangu mmoja alinipinga

Nilimwonyesha rasimu ya makala hii rafiki anayefundisha yoga kwa miaka mingi. Hatumii vijiwe. Alisoma, akanyamaza, akasema:

"Shoga yangu, wewe una maneno. Ndiyo maana unaweza kuitupa chati."

Nikamwambia aeleze.

"Mimi wanakuja watu ambao ukiwauliza wanajisikiaje wanasema 'kawaida'. Kila siku kawaida. Ukiwauliza mwili unasemaje, hawajui. Sasa mwambie mtu huyo, weka mkono kifuani, niambie pakoje. Atakwambia pazito. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ametamka kwamba kuna kitu kizito. Sina haja ya kumwambia kuna gurudumu linazunguka. Lakini ramani inanisaidia nijue nimwambie aweke mkono wapi kesho."

Sikuwa na la kumjibu papo hapo, na bado nusu ya jibu sina. Amenisogeza. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema chati ni takataka ya miaka ya sabini. Anayeitumia kuuliza anafanya jambo ambalo mimi silipingi hata kidogo. Yule aliyenisimamia na kijiwe aliitumia kujibu. Alijibu swali ambalo hakuniuliza, kuhusu maisha ambayo hayajui, kisha akanielekeza kwenye kozi ya ngazi ya pili.

"Kifua chako pakoje?" na "kifua chako kimefungwa" ni sentensi mbili za watu wawili tofauti.

## Ninachokifanya siku hizi

Nimeanza kukaa asubuhi kabla sijagusa simu. Si kila siku. Nakaa kwenye kiti kigumu, kwa sababu nikilala nasinzia, mikono juu ya mapaja. Naanzia chini: uzito wa nyonga kwenye kiti, pande mbili, upande gani umebeba zaidi (kwangu ni wa kulia, daima, na sijui kwa nini). Halafu tumbo chini ya kitovu, ambalo nimegundua kwamba nalikaza kutwa nzima kana kwamba kuna mtu anakuja kulipiga. Nalilegeza. Baada ya pumzi tatu limekaza tena. Nalilegeza tena, bila kugombana nalo.

Pale kwenye chembe cha moyo nakaa zaidi, kwa kuwa ndipo woga wangu unapoishi. Namaanisha woga wa kawaida, wa barua pepe ambayo sijaifungua. Siutafutii maana. Nashusha pumzi ndefu kuliko niliyoivuta, nne kuingia, sita kutoka, na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikipanda nasikia pale pakilainika kidogo. Kuna siku hapalainiki. Siku hizo napita.

Kooni navuma. Midomo imefumba, meno yameachana kidogo, sauti ya chini kabisa ninayoiweza. Nikiishusha sauti zaidi, mtetemo unahamia kifuani. Nikiipandisha, unakwenda puani na nyuma ya macho. Unaweza kuutembeza mtetemo mwilini kwa kubadili sauti tu. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hilo darasani, na ingechukua nusu dakika.

Ile ya kati ya nyusi naipumzisha tu, naacha kukunja uso. Utosini sifanyi chochote. Wanaosema wamefika huko wana elimu nisiyo nayo, na waliotangulia walisisitiza kwamba njia ile haichezewi bila mwalimu. Wapo watu ambao mazoezi makali ya kutafakari yamewatikisa vibaya, wakakosa usingizi, wakaanza kuogopa akili zao wenyewe. Ikitokea hivyo, mtu aache, ale, alale, atafute msaada wa kitaalamu. Asiambiwe "unaamka".

Umebaki mzozo mmoja ambao sijaumaliza. Kwa kuwa najua kijani cha kifuani ni cha miaka ya 1970, nilitaka kuwa mwaminifu kwa Purnananda. Yeye moyoni, Anahata, anaweka petali kumi na mbili nyekundu kama ua la bandhuka, na ndani yake nyota ya pembe sita ya rangi ya moshi, na swala mweusi. Nimejaribu nyekundu. Nimejaribu moshi. Swala anakaa kidogo kisha anaondoka. Nikifumba macho na kuweka mkono kifuani, kinachokuja chenyewe ni kijani, kijani cha chati, cha watu waliokibuni juzi. Mwenzangu wa yoga anasema nikiache kije. Mimi bado nabishana nacho.